Umenaswa ukikanyaga mafuta? Faini, korti na zile pointi za leseni

Tuseme ni Jumapili jioni. Wewe na mabeshte wako mlichanga pesa, mkakodi gari la siku mbili, mkaenda Naivasha kujienjoi na sasa mnarudi. Mmetokea Southern Bypass, mkashika Ngong Road kuelekea tauni. Siku ya kazi barabara hii hukuruhusu kutambaa tu, lakini leo ni tupu. Ngoma iko juu, dereva hajaonja kitu (shukuru kwa hilo), na sindano imegusa 68. Mkikaribia Community, afande anatokea kando ya barabara na kunyoosha mkono.

“Leseni.”

Swali linalofuata unalijua hata kama hujawahi kushika usukani maishani: “Sasa, tusaidiane aje?”

Kabla hujaingiza mkono mfukoni, keti kidogo. Kuna hesabu unayofaa kuijua, na si ngumu.

Sheria ya trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inasema kwamba ndani ya mji, manispaa au hata kituo cha biashara, mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, isipokuwa pale alama ya barabarani inaposema vingine. Ndiyo, 50. Matatu na malori hayafai kupita 80 popote pale, hata katikati ya nyika ya Tsavo. Expressway ile ya kulipia, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni 80 pia, ingawa ukiipita saa nne usiku unaweza kudhani ni uwanja wa ndege.

Sasa, mwaka wa 2016 serikali ilichapisha kanuni za makosa madogo ya trafiki, zile zinazoitwa faini za papo hapo. Kwa upande wa kasi zimepangwa kama ngazi. Ukizidisha kwa kilomita moja hadi tano, unaonywa tu na kuachiliwa. Ukizidisha kwa sita hadi kumi, ni Sh500. Kwa 11 hadi 15, Sh3,000. Kwa 16 hadi 20, Sh10,000. Ukipita hapo, kosa lako si dogo tena na hakuna faini ya papo hapo: unaenda kusimama mbele ya hakimu.

Rudi kwenye lile gari letu. Mlikuwa 68 mahali pa 50, yaani mmezidisha kwa 18. Hiyo ni Sh10,000. Kama dereva angekuwa amekanyaga 60, ingekuwa soo tano. Tofauti kati ya bei ya chakula cha mchana na bei ya kodi ya chumba ni kilomita nane tu kwenye sindano. Na kama angegusa 71, mngekuwa mnapanga safari ya korti.

Hizo kanuni za 2016 hazikuishia kwenye kasi. Ukishika simu huku gari likienda ni Sh2,000. Ukipanda barabara ya waenda kwa miguu na gari, Sh5,000. Ukikosa kubeba leseni, Sh1,000. Abiria asiyefunga mshipi, Sh500, na hiyo ni faini yake yeye, si ya dere. Hata ukiwa umekaa nyuma unacheki TikTok, sheria inakuona.

Na lile swali la kusaidiana? Faini halali inaingia kwa serikali na ina risiti. Haiingii mfukoni mwa afande. Sheria dhidi ya hongo, nayo ya mwaka huohuo wa 2016, inamshika anayetoa sawa na anayepokea: hadi miaka kumi jela, au faini ya hadi Sh5 milioni, au vyote viwili. Yaani unaweza kukimbia kosa la thao kumi na kujiingiza katika kosa la mamilioni. Najua utaniambia kila mtu hutoa. Najua pia kwamba afande aliye peke yake gizani na kijana aliyechoka hawazungumzi kwa lugha ya sheria. Lakini ukijua kosa lako liko kwenye ngazi gani, angalau hutaambiwa kwamba 58 ni kesi ya kulala seli.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria yetu haikubali utiwe hatiani kwa sababu tu shahidi mmoja alikutazama akaona, kwa maoni yake, kwamba ulikuwa unakimbia. Macho ya mtu mmoja hayatoshi. Ndiyo maana kuna vifaa vya kupima kasi, na ndiyo maana una haki ya kuuliza, kwa adabu, “Afande, kifaa kimesoma ngapi?” Uliza ukiwa umetulia na mikono yako ikionekana kwenye usukani.

Hebu sasa nikupeleke matembezi, kwa sababu maisha yote ya faini ya kasi yanaweza kukaa ndani ya mtaa mmoja wa Nairobi. Shuka stage ya Community, panda kuelekea Upper Hill. Katikati ya ile minara mirefu ya benki na bima ndipo zilipo ofisi za NTSA. Hii ni mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Leseni yako, hata kama uliiomba kwa simu kupitia eCitizen ukiwa kitandani Rongai, inatoka chini ya mamlaka hiyo. Upande wa pili wa kilima, si mbali kwa miguu, ziko Mahakama za Milimani. Na ukifuata barabara inayoshuka nyuma, unafika Hospitali Kuu ya Kenyatta, hospitali kubwa zaidi ya rufaa nchini, mahali ambapo ambulensi huingia zikiwa zimebeba vijana wa boda na watu waliokuwa wanavuka barabara tu.

Leseni, korti, hospitali. Mtu mwenye pumzi anaweza kuzizunguka zote tatu katika muda wa chakula cha mchana, na bado apate nafasi ya kuonja nyama pale Kenyatta Market.

Mwaka wa 2024, kwa hesabu ya NTSA, watu 4,748 walikufa kwenye barabara za Kenya. Kundi kubwa zaidi ni la waenda kwa miguu, watu ambao hata gari hawana. Ndiyo maana 50 si namba ya kukuudhi. Ukienda 50, kila sekunde gari linakula karibu mita 14. Ukienda 68, linakula karibu 19. Mtoto akijitokeza mbele yako, sekunde nzima inaweza kuisha kabla mguu wako haujagusa breki, na hapo ndipo gari linaanza kupunguza mwendo. Kutoka hapo, gari la 68 linahitaji karibu mara mbili ya umbali wa lile la 50 ili lisimame. Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kulisema hili: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia nne.

Basi faini zipo, sheria ipo. Mbona bado tunakimbia?

Jibu moja ni kwamba faini ni pesa, na pesa si nzito sawa kwa kila mtu. Kwa dere wa teksi ya programu anayelipia gari la mwenyewe kila siku, thao kumi ni wiki imekatika. Kwa yule wa gari kubwa jeusi anayekupita pale Valley Road kama umesimama, thao kumi ni mafuta ya siku. Ufini walijaribu kutatua hili kwa kukuchaji kulingana na mshahara. Mwaka wa 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia, Anssi Vanjoki, alipigwa faini ya zaidi ya Euro 100,000 kwa kuendesha pikipiki kwa 75 mahali pa 50. Baadaye alikata rufaa ikapunguzwa, lakini ujumbe ulifika.

Njia ya pili, inayotumiwa na nchi nyingi zaidi, ni pointi. Hapa ndipo vijana wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole.

Pointi si pesa. Ni kumbukumbu. Unalipa faini yako kama kawaida, halafu kosa linaandikwa kwenye leseni yako kama idadi fulani ya pointi. Kosa dogo, pointi chache. Kosa kubwa, pointi nyingi. Zikijaa kufikia kikomo ndani ya muda fulani, leseni inachukuliwa. Ukikaa bila makosa, baada ya muda zinafutika. Kuna nchi zinazoanza na sifuri na kuongeza, na nyingine zinakupa pointi kamili na kukupunguzia. Mwisho wake ni uleule. Tajiri anaweza kulipa faini kumi bila kutoa jasho, lakini hana leseni kumi.

Mfano ulio karibu nasi ni Dubai, kwa sababu pengine una binamu anayeendesha teksi au kupeleka chakula kwa pikipiki huko. Kikomo katika Falme za Kiarabu ni pointi 24 kwa mwaka. Ukizifikisha mara ya kwanza, leseni inasimamishwa miezi mitatu. Mara ya pili sita. Mara ya tatu mwaka mzima. Kuzidisha kasi kidogo ni pesa tu. Ukizidisha kwa zaidi ya 60, ni dirham 2,000, pointi 12, na gari linazuiliwa siku 30. Ukizidisha kwa zaidi ya 80, ni dirham 3,000, gari ndani siku 60, na pointi 23. Yaani kosa moja tu linakuacha umebakisha pointi moja kabla ya kupoteza leseni. Kwa mtu aliyekopa pesa za wakala na tiketi ya ndege ili aende kuendesha gari, leseni ikienda kazi inaweza kwenda nayo.

Uingereza wamebana zaidi wanaoanza. Kosa la kawaida la kasi ni angalau pauni 100 na pointi tatu. Ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu, unafungiwa kuendesha, mara nyingi miezi sita au zaidi. Lakini kama umepita mtihani wako wa kwanza wa udereva chini ya miaka miwili iliyopita, kikomo chako ni sita. Makosa mawili tu ya kasi, na unarudi kuwa mwanafunzi: unaomba leseni ya muda upya, unafanya mitihani upya. Kama una dada aliyeenda huko kutunza wazee majumbani, kazi inayomtaka awe na gari ili atoke nyumba hii kwenda ile, muulize. Atakwambia pointi zinavyopandisha pia bei ya bima.

Kuna kisa cha huko ambacho napenda kukisimulia kwa sababu kinaonyesha watu wanavyoziogopa pointi hizi. Mwaka wa 2003 gari la mwanasiasa Chris Huhne lilinaswa na kamera likikimbia kwenye barabara kuu kutoka uwanja wa ndege wa Stansted. Huko kamera ikikunasa, mwenye gari huandikiwa na kutakiwa kumtaja aliyekuwa akiendesha. Huhne alikuwa karibu kujaza pointi zake. Mkewe wakati huo, Vicky Pryce, akakubali kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, akabeba pointi tatu za mumewe. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka huohuo Huhne alinyang'anywa leseni hata hivyo, kwa kutumia simu akiendesha. Miaka ikapita, Huhne akawa waziri, ndoa ikavunjika, siri ikatoka. Alijiuzulu uwaziri mwaka wa 2012, na Machi 2013 wote wawili walihukumiwa miezi minane jela kwa kupotosha haki. Pointi tatu.

Na Kenya? Mwaka wa 2017 NTSA ilipoanza kutoa leseni mpya ya plastiki yenye chipu, ile ya Sh3,050, tuliambiwa kwamba rekodi ya makosa yako itakaa humo na kwamba dereva mkorofi atapoteza pointi hadi leseni ifungwe. Wazo lilikuwa zuri. Leseni zikaanza kutoka, watu wakapiga foleni ya alama za vidole, picha zikatoka mbaya kama kawaida. Pointi zenyewe zikabaki kwenye hotuba mwaka baada ya mwaka. Tumewahi kuona hili. Wazazi wako wanakumbuka Sheria za Michuki za Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 katika kila matatu, mshipi katika kila kiti. Kwa muda mfupi matatu zilitulia kama mabasi ya shule. Halafu fundi mmoja pale gereji akajua waya wa kukata.

Mfumo wa pointi hauwezi kusimama kwa tangazo. Unahitaji mambo ambayo hayapendezi kuyazungumzia. Kwanza, lazima ijulikane ni nani hasa aliyekuwa akiendesha. Kamera inasoma namba ya gari, lakini pointi ni za mtu. Pili, kila kosa lazima liandikwe. Ukimpa afande soo tano ukaondoka, hakuna kosa lililotokea kwenye rekodi; kesho unaanza upya ukiwa msafi. Hongo inaiba pesa ya serikali, sawa, lakini inafuta pia historia, na pointi ni historia. Tatu, asiye na leseni kabisa hana cha kupoteza. Kijana wa boda ambaye hajawahi kufanya mtihani hawezi kupunguziwa pointi ambazo hakupewa.

Majirani wetu wametuonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuharibika likiharakishwa. Juni 2025 Uganda iliwasha mfumo wa kamera zinazosoma namba za magari na kutuma faini moja kwa moja. Ndani ya siku chache madereva walipiga kelele: faini kubwa, muda mfupi wa kulipa, na maeneo ya kilomita 30 kwa saa ambayo wengi hawakuyajua. Serikali ikausimamisha ili uangaliwe upya. Afrika Kusini sheria yao ya pointi ni ya 1998. Ilipingwa kortini, ikatupwa na Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka wa 2022, ikaokolewa na Mahakama ya Katiba Julai 2023. Robo karne nzima kwa jambo ambalo kwenye karatasi ni hesabu ya kujumlisha.

Mimi naziunga mkono pointi, lakini nina wasiwasi mmoja. Anayekaa barabarani saa 14 kwa siku ana nafasi nyingi zaidi za kunaswa kuliko anayeendesha Jumapili tu. Dere wa programu anayekimbizwa na saa na abiria anayesema “boss, nimechelewa” ndiye atakayejaza pointi kwanza, na kwake leseni ni chakula cha watoto. Mfumo wowote utakaokuja bila njia ya kujirekebisha, mathalani darasa unalohudhuria na kupunguziwa pointi kama wanavyofanya Falme za Kiarabu, utawaondoa kazini hao kabla haujamgusa yule wa gari jeusi, ambaye ana dereva wa kubebeshwa makosa yake.

Hata hivyo huna haja ya kungoja pointi ndipo ujipange. Kama uliuza gari au pikipiki na logbook bado ina jina lako, kamera na polisi watakutafuta wewe. Sheria inampa mnunuzi siku 14 kulihamisha jina, na kazi yenyewe inafanyika kwenye akaunti ya NTSA ndani ya eCitizen, kwa hivyo usikubali ile ya “tutamalizana wikendi”. Kama umekodi gari, soma karatasi kabla ya kuweka sahihi: angalia ni nani analipa faini itakayofika wiki mbili baadaye, na kama dereva ametajwa kwa jina na namba ya leseni. Mkibadilishana usukani njiani, yule ambaye hajaandikwa asishike. Na malipo ya kweli ya serikali siku hizi yanapita kwa namba moja ya M-Pesa, 222222. Ukitumiwa ujumbe wa faini wenye namba ya simu ya mtu binafsi, huo ni wizi wa kawaida uliovaa sare.

Na lile gari la kutoka Naivasha? Kama mlikubali kosa, mtapewa notisi inayoeleza kosa, kiasi cha faini na siku ya korti iwapo hamtalipa. Kama mnadhani kifaa kimekosea, msilipe. Siku hiyo ikifika, pandeni Milimani mkajitetee. Fikeni mapema kuliko saa iliyoandikwa, na msiende na gari. Maegesho ya Upper Hill siku ya kazi ni adhabu nyingine kabisa.